Dawa ya Mafua na Mikono ya Mama

Jumanne, 5 Juni 1973

Sijawahi kumwambia mtu yeyote jambo hili. Nikiwa peke yangu kisimani, nikishajaza ndoo, hukaa juu ya jiwe na kuutetemesha mkono wangu wa kulia kwa makusudi. Kidole gumba na cha shahada vinasuguana, kama mtu anayeviringisha punje ya mtama. Nataka kujua Mama anajisikiaje. Baada ya muda mfupi mkono unachoka, naacha. Mama haachi.

Likizo imeanza, niko nyumbani. Kazi ni zilezile. Maji, kufagia, uji. Nimemfunga Mama khanga kwa sababu fundo linamshinda. Uso wake haukusema kitu. Zamani alikuwa akicheka mpaka anashika ukuta.

Upepo mkali. Nasoma biolojia jikoni, karibu na moto.

Ijumaa, 8 Juni

Kipande cha reli pale ofisi ya kijiji kimegongwa mapema. Wote tukaenda uwanjani kupura uwele wa shamba la kijiji. Mama naye alikuja, ingawa Baba alimwambia abaki.

Watoto wa jirani yetu, Mama Yohana, walipita. "Shikamoo!" Mama alisikia. Nilimwona akiitafuta sauti, shingo imekaza, midomo inajiandaa. Marahaba ilipotoka ilikuwa ndogo kama pumzi, na watoto walikuwa wameshafika mbali.

Mama Yohana akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Hata watoto unawanyima marahaba, Mama Petro? Wamekukosea nini?"

Petro ni kaka yangu, yuko jeshini. Angekuwepo angejibu.

Hapa kwetu mtu mzima akikunyima marahaba, ujue ana kinyongo na wewe. Ndiyo maana watoto wanamkwepa Mama njiani. Wapo wanaosema kuna zaidi ya kinyongo. Neno hilo sitaliandika.

Neno jingine wanalomwita ni kupe. Wamelipata mikutanoni, ni la watu wanaoishi kwa jasho la wenzao. Mama huyu, aliyekuwa akipepeta uwele wake akimaliza anawasaidia wengine!

Nilisikia yote nikanyamaza. Mimi huwa nanyamaza. Shuleni wananiita Bubu.

Jumatano, 13 Juni

Mafua yameingia kijijini. Si yale ya kamasi tu. Watu wanaungua homa, mifupa inawauma, wazee hawainuki. Mama ameshikwa tangu jana.

Baba amekaa naye mchana kutwa. Jioni aliniambia mavuno yakiisha atampeleka kwa mganga mmoja upande wa Rungwa, ambaye anasifiwa sana. "Mama yako amefungwa," alisema. Safari ile ni ndefu mno kwa mtu anayeshindwa kugeuka kitandani. Nilitaka kumwambia hivyo. Sikumwambia.

Naogopa hatarudi.

Jumamosi, 16 Juni

Sista Daktari alikuja na Landrova ya misheni. Ni Mzungu mzee, na Kiswahili chake hakijali ngeli hata moja. Wagonjwa walipangwa kando ya ukuta wa shule, mahali pasipo na upepo. Akaeleza kwamba ana dawa ya mafua iliyoletwa na watu wa kwao. Ni chache. Ni ya wazee na waliodhoofika tu. Vijana wanywe maji na walale.

Mama alipewa kopo moja. Vidonge vya ganda, asubuhi kimoja, jioni kimoja.

Kabla hajaita mwingine, Sista aliushika mkono wa Mama akautazama unavyocheza.

"Mkono hii, tangu lini?"

"Huu mwaka wa nne," Baba akajibu.

Akataja jina la ugonjwa kwa kizungu, taratibu, kama mtu anayetaja jina la jamaa asiyempenda. Alisema ni ugonjwa wa ubongo. Dawa yake ipo Ulaya, yeye hana. Akatikisa kichwa, akaita mwingine.

Kwa hiyo una jina. Nimelikariri njia nzima. Si kinyongo, si kufungwa. Ubongo.

Jina la dawa ya mafua pia nimelisoma kwenye kopo: amantadini. Nasoma kila kilichoandikwa, hata magunia.

Jumanne, 19 Juni

Homa ya Mama imeshuka. Ameomba ugali. Anasema anaota ndoto zenye rangi kali, jana alimwona marehemu bibi amevaa njano.

Ijumaa, 22 Juni

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilisema, "Shikamoo, Mama," nikageuka kuchukua ndoo bila kungoja. Siku hizi hakuna anayengoja, hata mimi.

"Marahaba, mwanangu."

Papo hapo. Sauti nzima. Ndoo ilinitoka mkononi. Nikamwamkia tena, kama mjinga.

"Marahaba. Umeshasahau kwamba umeniamkia?" Na mdomo wake ukapanda upande mmoja. Alikuwa ananicheka!

Alijifunga khanga mwenyewe. Fundo halikuwa zuri, lakini lilikuwa lake. Mkono bado unacheza, ila kidogo, kama moto uliopunguziwa kuni. Alikwenda mpaka mlangoni, akageuka, akarudi. Baba alikuwa anachonga mpini wa jembe. Aliacha kuchonga.

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia. Nililia vizuri sana.

Jumapili, 24 Juni

Mama alikwenda kanisani kwa miguu yake. Kila mtu ana maelezo. Katekista anasema ni sala. Baba anasema wazee wetu waliokufa wamesikia kwamba anajiandaa kwenda Rungwa. Mimi nilidhani homa imeunguza ugonjwa, kama jua linavyokausha ngozi. Sina hakika.

Mama Yohana ana maelezo yake. Tulipotoka aliwaambia wanawake, "Wakati wa kupura alikuwa hoi. Imebaki kupepeta na kugawana, amepona. Huyu alikuwa anajifanya."

Mama akamgeukia. "Na huo ulimi wako, mwenzangu, hauugui hata siku moja upumzike?"

Wanawake walicheka hadi wakashikana mabega. Hata Mama Yohana alicheka, ingawa si sana. Nimemsikia mama yangu. Nilikuwa nimeisahau sauti hiyo.

Jumatano, 27 Juni

Nimekasirika.

Mama Yohana ana homa, amelala chini hajiwezi. Landrova haijarudi. Mama alichukua kopo lake lenye vidonge vilivyobaki akampelekea. Vyote. Mama Yohana, baada ya yale yote!

Nilimuuliza kwa nini. Akanitazama kama niliyeuliza kwa nini watu wanakula.

"Mafua yangu yamekwisha. Yake bado."

Baba alimuunga mkono. Kijiji ni kimoja, dawa ya mafua ni ya mwenye mafua. Nikaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Jumamosi, 30 Juni

Leo asubuhi marahaba imechelewa.

Nilijiambia hakulala vizuri. Mchana kikombe kiligonga meno yake. Jioni fundo la khanga lilimshinda, akanigeuzia mgongo nimfunge, bila kuniangalia.

Nimekaa na kuzipanga siku kichwani. Alianza kufunguka alipokuwa anatumia vile vidonge. Anaanza kufungika baada ya kuvitoa. Katikati hakuna kilichobadilika. Sala ziliendelea. Chakula kilekile. Homa haijarudi.

Haiwezekani. Dawa ya mafua inajuaje njia ya kwenda kwenye mikono?

Jumatatu, 2 Julai

Siku mbaya.

Kijiji kilikuwa kinamalizia kupepeta. Mama alisimama na ungo ameuinua, na hapohapo akakwama. Miguu iligoma, mikono ikabaki juu. Upepo ukabeba makapi, uwele ukaanza kumwagika pembeni. Hakuweza hata kuushusha.

Kijana mmoja akasema, "Mama Petro, unangoja kupigwa picha?" Wakacheka. Mama Yohana alikuwepo, amepona, amejifunga shuka mabegani.

"Mnaona wenyewe," alisema. "Juzi mzima, leo sanamu. Akitaka anaweza, asipotaka hawezi."

Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Nikamshika Mama kiunoni nikamyumbisha kidogo, kushoto, kulia, mpaka mguu ukaachia. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na uso ulikuwa mkavu kama ubao. Wao waliona uso tu.

Jioni nilimwambia Baba juu ya vidonge. Nilisema haraka, nikitazama chini. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Dawa ya mafua?" aliuliza.

Nyumba yetu na ya jirani zimetenganishwa na uzio wa miiba tu. Mama Yohana akadakia kutoka upande wa pili, "Dawa ya mafua ya kutuliza mikono! Basi ile ya minyoo itatuotesha meno!"

Baba alisema baada ya Saba Saba wataondoka kwenda Rungwa. Ameshapata watu wa kusaidia kumbeba.

Mama akasema kitu kutoka kwenye kona yake. Ilibidi tumsogelee. "Mwache aende." Baba akadhani ni Mama Yohana, kwamba tumpuuze. Mimi pia. Lakini Mama alikuwa ananitazama mimi. "Kwa Sista," alisema. "Aende."

Jumatano, 4 Julai

Nimerudi kutoka misheni. Nimechoka, ila lazima niandike leo, kesho nitadhani nimeota.

Nilipata lori pale Mkiwa, juu ya magunia. Njia nzima nilikuwa najisemesha: Shikamoo Sista, mimi ni binti wa yule mama mwenye mikono. Upepo ulikuwa mkubwa, hakuna aliyenisikia, ndiyo maana niliweza.

Foleni ilikuwa ndefu. Kila aliyeingia mbele yangu nilishukuru. Zamu yangu ilipofika nilisimama mlangoni, na sentensi yote ikapotea.

"Mafua?" Sista akauliza bila kuinua kichwa.

"Hapana."

"Basi nini? Sema, mtoto yangu. Watu mengi nje."

Nikasema yote kwa pumzi moja. Marahaba iliyokuja papo hapo. Khanga. Kanisa. Kopo alilopewa jirani. Kikombe kugonga meno. Ungo. Nilisema mambo ambayo sikupanga kusema, hata kwamba nilimkasirikia Mama. Nilipomaliza nilikuwa nimeshika ukingo wa meza yake, sijui tangu saa ngapi.

Sista alikuwa ameweka kalamu chini.

"Sema tena. Polepole. Alipoacha dawa, baadaye mkono narudi?"

"Ndiyo, Sista. Na miguu. Na uso."

Akainuka akafunga mlango. Alitafuta kwenye rafu yenye majarida ya kizungu, mengine yameliwa na mchwa, akatoa moja, akalirudisha, akatoa jingine. Alisoma kimya huku midomo ikicheza. Kisha akakaa na kuvua miwani.

Aliniambia hivi. Mbali sana, Amerika, kulikuwa na mama mwenye ugonjwa huuhuu. Alipewa dawa hiihii ili asipate mafua. Alipokuwa anaitumia, mwili ulimlegea, mkono ukatulia. Alipoiacha, vikarudi. Akamwambia daktari wake. Daktari angeweza kucheka. Hakucheka. Waliijaribu kwa wagonjwa wengine, na wengi wakapata nafuu.

"Mimi nimesoma hii zamani," Sista alisema. "Nimesoma, nimesahau. Kopo niko nayo mkononi, mama yako niko naye mbele, na sijakumbuka." Alijigonga paji la uso kwa kiganja. "Kichwa yangu mzee."

Nilimuuliza dawa inajuaje. Swali langu la kwanza maishani kwa mtu mzima nisiyemzoea. Akasema ndani kabisa ya ubongo kuna mahali panapotoa kitu kinachouruhusu mwili kutembea, na kwa Mama panakauka. Dawa hii labda inakamua kile kilichobaki. "Labda. Walioandika hapa hawajui vizuri. Mimi pia sijui."

Hajui! Mwalimu wetu wa biolojia hajawahi kusema hajui. Niliposikia neno hilo kutoka kwa mtu mwenye rafu ya vitabu, niliona kama amenifungulia dirisha.

Amenipa makopo yaliyobaki, kwa kuwa mafua yamepungua vijijini. Ameahidi kuwaandikia watu wa kwao waongeze, lakini hajui kama watakubali. Alinionya pia. Hii haiponyi. Inalegeza tu. Huenda baada ya muda ikachoka. Mama akianza kuona vitu visivyokuwepo, tumpeleke kwake haraka. Na miguu inaweza kutokea alama za zambarau kama wavu, tusiogope.

Kwenye lori nilimfikiria mama yule wa Amerika. Hajui kama kuna uwele duniani. Mama yangu hajui Amerika iko upande gani. Na mikono yao ilisema neno moja. Nilitazama nje, anga la huku ni kubwa sana, na kwa mara ya kwanza halikunitisha.

Tena kuna hili. Kama Mama asingegawa vidonge vyake, tungesema ni sala, au homa, au wazee. Mimi ningerudi shuleni na maelezo yasiyo ya kweli. Alitoa dawa kwa mmoja wa waliomwita kupe, na kwa kuitoa ndipo ilipojulikana. Sijui nifanye nini na jambo hili. Nimeliandika tu.

Jumamosi, 7 Julai

Saba Saba. Ngoma ziko kwenye uwanja wa shule. Sisi tuko nyumbani. Mama alianza kumeza vidonge juzi. Hakuna mabadiliko. Baba amewaambia wale wa Rungwa wangoje kidogo. Alisema "kidogo" akinitazama mimi.

Nikikosea, atampeleka huko.

Jumapili, 8 Julai

Bado. Nilimsomea Mama sura ya ubongo kutoka kitabu changu, nikitafsiri. Nadhani alilala.

Jumanne, 10 Julai

Imerudi.

Nilikuwa nachochea moto. Nikasikia mtu anaimba nyuma ya nyumba, wimbo wa kutwanga, wa kwetu, wa Kinyaturu. Nilidhani ni mpita njia. Ilikuwa ni Mama, ameshika mchi. Anatwanga polepole, anapumzika, anatwanga.

Sikumsogelea. Niliogopa kuukatiza wimbo.

Baba alitoka, akasimama karibu nami. Tulisimama kama watu walio kanisani. Mwishowe alikwenda mwenyewe kwa wale wa Rungwa kuwaambia wasimngoje. Aliporudi aliniita kwa jina langu lote.

Alhamisi, 12 Julai

Mama Yohana alikuja. Alisimama nje ya uzio muda mrefu. Mama akamkaribisha, akaingia, akakaa kwenye kigoda. Hakuomba radhi kwa maneno. Alisema, "Vile vidonge ungeniambia, mwenzangu. Ningekunywa mwarobaini."

"Ningekuambia nini? Mimi mwenyewe nilijua ni vya mafua."

Akaangalia mikono ya Mama. Kisha akaushika mmoja, kwa uoga, kama mtu anayepima maji ya moto. Watoto wake walikuwa wanachungulia. Akawageukia: "Nyie! Hamna adabu? Mwamkieni mama yenu!"

Miguu ya Mama imetokea alama za zambarau, wavu kabisa, kama Sista alivyosema. Mtu alisoma hili likiwa limeandikwa upande mwingine wa dunia, na leo liko kwenye miguu ya mama yangu, Singida. Mama anasema amevishwa soksi za bure.

Jumapili, 15 Julai

Kimya leo. Upepo umetulia.

Tulikuwa tunachambua karanga za mbegu, Mama na mimi. Akauliza bila kuacha kazi, "Zikiisha?"

Nilifikiria kumdanganya. Kisha nikasema, "Sista ameomba nyingine. Zisipokuja, utarudi ulivyokuwa. Na hata zikija, huenda siku moja zikachoka."

Mama alichambua karanga nyingine kadhaa. Mbovu aliziweka pembeni. Hakulia. Akasema ana dada yake huko Iguguno ambaye hajamwona tangu mkono ulipoanza. Hakutaka aonekane hivyo. Sasa anataka kwenda.

Nikamuuliza lini. Akasema leo, miguu ikiwa bado inamsikiliza.

Baba alisema tungoje kesho. Mama akamwambia yeye abaki na mbuzi.

Nilifunga karanga kwenye kitambaa kwa ajili ya mama mkubwa. Nikatia kopo la dawa ndani ya mfuko wangu wa shule, nikatoa vitabu viwili ili litoshe. Nikazima moto, nikachukua maji ya njiani. Tukatoka kwenda barabarani kungoja basi. Mama alitangulia.